Kilomita za ndege na siku za kilio

Haya ni maneno ambayo komite ilisema mbele ya wanamemba katika mkutano wa mwezi, Kampemba. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wale waliokuwa kazini ao safarini.

Habari za michango katibu atazisoma nyuma. Sisi wa komite tuliomba nusu saa ya kuongea juu ya kilomita na masaa ya ndege, na tunajua wamoja watacheka: kilomita zinaingia namna gani mu mutuali? Zinaingia kwa mlango wa kilio.

Mnajua vile inapita. Mzee anakufa ku Katuba ao ku Ruashi. Mtoto wake mmoja iko Liège, mwingine Lyon, mwingine Johannesburg. Hata viti vya kukodi havijafika bado, swali la kwanza limekwisha kuulizwa: "Batoto batafika siku gani?" Hapo kijana mmoja anatoa telefone, anaandika Bruxelles, anaandika Lubumbashi, na telefone inamjibu: kilomita 7,300, masaa 9 ya ndege. Bakubwa wanasikia masaa 9. Wanahesabu: leo ni siku ya Mungu, kesho jioni mtoto iko hapa, tunazika kazi mbili. Na tarehe inatangazwa mbele ya watu wote.

Telefone haikudanganya juu ya kilomita. Ukivuta kamba juu ya dunia kutoka Bruxelles mpaka Luano, utapata kilomita 7,300 kweli. Lakini kamba ile hakuna ndege ya abiria yenye kuifuata. Telefone ilipima kamba, ikagawanya kwa mwendo wa ndege, basi. Haikuuliza kama kuna ajansi inauza biye ya njia hiyo.

Sisi tuliokaa Bulaya tulirudi na saa nyingine mu kichwa. Kule kilomita na masaa vinatembea pamoja kama ndugu wawili. Bruxelles mpaka Paris ni kilomita 265 hivi kwa njia ya juu, na treni ya mwendo mkali inakufikisha kwa saa moja na dakika 22. Nani alipanda ndege kwa safari ile? Bruxelles mpaka London ni kilomita 320. Ndege iko hewani chini ya saa moja, treni inachukua masaa 2 karibu, lakini wengi wetu tulipanda treni, kwa sababu inakutoa katikati ya muji na kukushusha katikati ya muji, na kwa ndege utapoteza masaa mawili paka mu kungojea. Ufaransa ilifika mbali zaidi: tangu mwezi wa tano 2023 sheria yao inakataza ndege za ndani pale ambapo treni inaweza kukufikisha chini ya masaa mawili na nusu. Ndiyo maana kutoka Orly hakuna tena ndege ya kwenda Lyon, Nantes wala Bordeaux. Kule mtu akikuambia kilomita, unajua masaa. Akikuambia masaa, unajua siku.

Sasa chukueni Bruxelles na Lisbon. Kati yao kuna kilomita 1,700 na kidogo. Kati ya Lubumbashi na Kinshasa kuna 1,570. Kwa ndege ni karibu sawa, na yetu ndiyo fupi. Mtu wa Lisbon akifiwa na ndugu yake Bruxelles, asubuhi ataangalia ndege za siku ile, na akikosa ya asubuhi atachukua ya jioni. Mtu wa Kinshasa akifiwa na ndugu yake hapa, ataanza kwa kuuliza kama kuna nafasi kesho. Na barabara? Ile RN1 yenye kupita Likasi, Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi, Kananga, Tshikapa na Kikwit ina zaidi ya kilomita 2,000, na mwenye kuifanya mu masika hatakuambia masaa, atakuambia majuma. Bakambo wetu walikuwa na gari-moshi mpaka Ilebo, kisha mashua ya Kasai na mto mkubwa mpaka Léopoldville. Njia ile ilifunguliwa 1928. Karibu miaka mia imepita na hatuna nyingine ya chini yenye kuaminika kuliko ile.

Tupatie kwanza hesabu ndogo, kwa sababu vijana waliiomba. Ukitaka kujua ndege itakaa hewani masaa ngapi bila kuuliza mtu, gawanya kilomita kwa 800, kisha uongeze nusu saa ya kupanda na kushuka. Lubumbashi–Kinshasa: 1,570 gawanya kwa 800, karibu masaa 2, pamoja na nusu saa, inakuwa masaa 2 na nusu. Lubumbashi–Johannesburg, kilomita 1,610: vilevile. Lubumbashi–Addis Ababa, kilomita 2,600: karibu masaa 4. Kinshasa–Bruxelles, kilomita 6,200: masaa 8 na dakika. Si hesabu ya mainjinia, lakini itakukaribisha. Safari fupi sana inaikosea kidogo, kwa sababu ndege inapoteza wakati mwingi chini kuliko juu.

Kisha muangalie saa iliyoandikwa ku biye, maana hapo wengi wanaanguka. Saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Tuseme ndege inatoka Kinshasa 10h00 na biye inasema inafika hapa 13h30. Mtu anasema: masaa 3 na nusu, ndege gani hii ya polepole! Juma lijalo anarudi, biye inasema 14h00 mpaka 15h30, anasema: saa moja na nusu, hii sasa ndiyo ndege! Ni ndege ile ile, na masaa ni yale yale mawili na nusu. Na Bruxelles ni mchezo mwingine tena: tangu siku ya Mungu ya mwisho ya mwezi wa tatu mpaka ya mwisho ya mwezi wa kumi, saa yao ni sawa na ya Lubumbashi. Miezi mingine yote saa yao ni sawa na ya Kinshasa. Mu mwezi wa kumi na mbili mtoto akikuambia "ninaingia mu ndege saa tatu ya usiku", hapa kwetu ni saa ine ya usiku. Usimtafute ku Luano saa moja mbele.

Sasa turudi ku kilio. Kutoka Bruxelles mpaka hapa kuna njia tatu ambazo watu wetu wanatumia zaidi. Moja inapita Kinshasa: masaa 8, kisha unangojea ndege ya ndani, na mara nyingi unalala Kinshasa. Ya pili inapita Addis Ababa: Bruxelles–Addis kilomita 5,600, Addis–Luano 2,600, jumla 8,200. Ni kilomita 900 zaidi ya ile kamba ya telefone. Masaa ya hewani ni kama 11, lakini kutoka mlango wa nyumba Liège mpaka mlango wa nyumba Katuba, hesabu siku moja na nusu, na eskale ikiwa ndefu, mbili. Ya tatu inapita Johannesburg: karibu kilomita 10,500. Unamuona mtoto anapita juu ya kichwa chako, anaenda kulala Afrika Kusini, ndipo arudi kaskazini. Kwa karatasi ni ujinga. Kwa mtu ambaye nafasi iliyobaki ni ile tu, ndiyo njia fupi.

Na msiulize kwa nini hakuna ndege yetu wenyewe ya kumleta moja kwa moja. Tangu 2006 Umoja wa Ulaya umeweka kampuni zote za ndege zilizopata cheti chao hapa Congo ku orodha ya zile zisizoruhusiwa kuruka kule. Kwa hiyo kila anayetoka Bulaya anafika na ndege ya wageni, na wageni wanapanga siku zao, hawapangi za kwetu.

Bakubwa wengine wanasema, "Zamani ilikuwa rahisi." Hapana, wazee wetu. Belge mmoja, Edmond Thieffry, alitoka Bruxelles na wenzake wawili tarehe 12 mwezi wa pili 1925, na walifika Léopoldville tarehe 3 mwezi wa ine. Mujue masaa waliyokaa hewani: 75 na dakika. Mujue safari yote: siku 51. Masaa 75 ni siku tatu. Siku zile zingine 48 zilienda wapi? Zilienda mu mvua, mu kutengeneza propela, mu kungojea. Miaka kumi nyuma, 1935, Sabena ilianza njia ya kila mara Bruxelles–Léopoldville, na ilichukua siku tano na nusu. Sisi tunapenda sana habari ya Thieffry kwa sababu hakuna inayoonyesha vizuri zaidi tofauti ya masaa ya ndege na masaa ya safari. Mtoto wa Liège leo anafanya masaa 11 hewani na siku mbili njiani. Ni Thieffry mdogo.

Kuna pia mbingu zenyewe. Ramani haionyeshi mbingu iliyofungwa. Watu wa Lubumbashi ndio wa kwanza walipaswa kujua hii, kwa sababu ya 1961. Tarehe 17 mwezi wa tisa, Dag Hammarskjöld, mkubwa wa Umoja wa Mataifa, alitoka Léopoldville kwenda Ndola. Kwa kamba ni kilomita 1,750, na ndege yao ya DC-6 ingeweza kuzimaliza kwa masaa 4. Lakini Katanga ilikuwa na ndege ya vita, ile Fouga Magister, na rubani alizunguka mashariki mpaka karibu na ziwa Tanganyika kabla ya kuteremka kusini. Walitoka 16h51, wakafika juu ya Ndola usiku wa manane umepita kidogo. Ukiondoa saa moja ya tofauti ya Léopoldville na Ndola, ni zaidi ya masaa 6. Ndege ikaanguka mu pori, kilomita chache kabla ya uwanja, na watu wote 16 walipoteza maisha. Kutoka hapa mpaka Ndola hata kilomita 200 hazifiki kwa kamba.

Hayo ni ya zamani, lakini kuzunguka hakujaisha. Mwezi wa nane 2023 Niger ilifunga mbingu yake kwa karibu mwezi mmoja, na ndege za kati ya Ulaya na Kinshasa zilirefusha njia. Mwezi wa ine wa mwaka ule ule vita ilifunga mbingu ya Sudan, na ndege za kwenda Addis zinapita kando. Kwa hiyo hata ile hesabu yetu ya 800, mu wakati wa vita mtaiongezea.

Na wale wa Johannesburg? Wengi wenu mlirudi kwa njia ile, mnaijua kuliko sisi. Ndege ni masaa mawili na nusu. Lakini kijana anayeuza telefone Johannesburg hana bei ya biye ya haraka, anapanda basi: Beitbridge, Harare, Chirundu, Lusaka, Kitwe, Kasumbalesa. Ama tangu 2021 wengine wanapita Botswana na daraja la Kazungula. Siku mbili kama mipaka imelala vizuri, tatu ao ine kama malori yamejaa. Kasumbalesa iko kilomita 90 na kidogo tu toka hapa, na tunajua watu walioona taa za Congo jioni na wakaingia Lubumbashi kesho yake saa sita ya mchana.

Lakini tuseme ukweli: kitu chenye kurefusha njia zaidi kuliko kilomita, kuliko eskale, kuliko Niger na Sudan, ni karatasi.

Mwaka huu familia moja ya mutuali ilifiwa na mama, siku ya Mungu asubuhi. Mtoto wao mwanamke yuko Liège miaka 19. Wazee waliamua kuzika kazi mbili, kwa ile hesabu ya masaa 9. Mtoto alikuwa na pesa, na nafasi mu ndege ilikuwako siku ya kazi moja. Alishindwa kwa nini? Alichukua uraia wa Ubelgiji. Katiba yetu ya 2006 inasema uraia wa Congo ni mmoja, hauchangwi na mwingine. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa hapa hapa Katuba anahitaji viza kuja kumzika mama yake. Viza haitoki siku ya Mungu. Kisha kuna kadi ya manjano, ya sindano ya homa ya manjano. Yake ilipotea mu kuhama nyumba. Sindano mpya inaanza kuhesabika siku 10 nyuma ya kupigwa. Hata kama tangu 2016 kadi ile ni ya maisha yote, ukiipoteza na hauna ushahidi wa daktari, unarudi ku siku 10. Alimpata daktari wake wa zamani, akamwandikia nyingine. Viza ikatoka kazi tatu. Akafika Luano posho. Udongo wa kaburi ulikuwa umekauka siku ine.

Hatutaji familia, wengine mnaijua. Mama mdogo wa yule dada aliuliza komite swali ambalo limetukalia: "Kwa nini hakuna mtu alituambia ingojeeni?" Na wazee wa familia nao walijibu kwa haki yao: mutuali inalipa morge siku 3 tu, na kila usiku wa kilio ni mfuko wa unga, ni mafuta, ni makala, ni sukari, ni maturubai na viti vya kukodi. Nani angelipa siku zile zingine? Wote wawili wana haki. Ndiyo sababu tumesimama mbele yenu na kilomita.

Basi komite inaleta mambo haya, mtayajadili leo na kuyapigia kura mwezi ujao.

La kwanza, sanduku lilipe morge siku 6 badala ya 3, lakini paka kama mtoto ao ndugu wa nje alikuwa ameandikwa mbele, na karatasi zake ziko tayari. Kama hakuandikwa, zinabaki 3. Tunajua hii ni kali. Lakini sanduku ni la wote, na siku za morge za mtu ambaye karatasi zake hatuzijui hazina mwisho: leo viza, kesho kadi, kesho kutwa biye imepanda bei. Mwenye hayuko tayari, tutamngojea ku siku ya kutoa kilio, na mutuali itasaidia siku ile vilevile.

La pili, tarehe ya kuzika isitangazwe mbele ya mtoto kusema tatu: viza iko, kadi ya manjano iko, na jina la ndege na saa ya kufika Luano kwa saa ya Lubumbashi. "Minakuya" haitoshi. Tarehe itolewe na mtu mmoja wa familia aliyeongea na mtoto mwenyewe. Isitolewe na mwenye telefone.

Ndugu zetu Waislamu wanazika siku ile ile, na mambo ya morge hayawagusi. Kwao komite inapendekeza franka zile zile zisaidie biye ya ndugu mmoja anayekuja nyuma kuona kaburi. Mtatuambia kama ni vizuri.

Tumesikia pia sauti zinasema maiti haipaswi kungojea mtu, hata mtoto. Yaya mmoja alisema hivyo hapa hapa mwezi uliopita, na alisema kwa heshima. Hatumlazimishi mtu kungoja. Familia inayotaka kuzika siku ya pili itazika siku ya pili, na mutuali italipa. Tunachokataa ni familia kuzika siku ya pili ikiamini kwamba ilingoja, kwa sababu telefone ilisema masaa 9.

Karatasi iko pa meza ya katibu, pale karibu na mlango. Kila mwanamemba mwenye mtu nje aandike jina la ule mtu, muji anaokaa (muji, si inchi, kwa sababu toka Lyon na toka Paris si njia moja), pasipoti yake ni ya wapi, viza inatoka mu siku ngapi kule kwake, na kama kadi ya manjano iko. Mama ambaye hawezi kuandika, kijana wa komite atamwandikia. Wale ambao watu wao wako Afrika Kusini waandike pia kama ni ndege ao basi. Na tafadhali msiandike "haraka" mu nafasi ya siku. Jana tulipokea karatasi mbili zenye neno lile.